Bwana Hakikisha na Harufu ya Jumatano

Mtaani walimwita Bwana Hakikisha, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa fundi wa vitasa na makufuli, mwaka wa thelathini na moja sasa, katika kibanda chembamba kilichobanwa kati ya muuza vitambaa na kinyozi. Kila jioni alipofunga, alilivuta kufuli mara tatu, akapiga hatua kumi, akarudi kulivuta mara ya nne. Kinyozi humpigia kelele, "Limefunga hilo, Bwana Hakikisha!" Naye humjibu bila kugeuka, "Wewe umejuaje? Umelijaribu?"

Hakuwa mtu mbaya, ila kazi ilikuwa imemwingia damuni. Fundi wa vitasa huitwa baada ya mwizi kupita. Anaingia nyumba za watu wakiwa bado wanalia, anauchunguza mlango, na mara nyingi anakuta haukuvunjwa. Umefunguliwa taratibu na mtu aliyejua ufunguo unakaa wapi. Ukiyaona hayo miaka nenda miaka rudi, huwezi tena kumtazama jirani kwa macho ya kawaida. "Mwizi hashuki kutoka mwezini," alikuwa akisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Maneno hayo yalimtoka moyoni. Zamani kibanda kile kilikuwa na mafundi wawili, yeye na mdogo wake, mtu wa mkono wa kushoto, mcheshi, aliyependwa na wateja kuliko kaka yake. Miaka kumi na moja iliyopita nyumba ya mteja mmoja iliibiwa bila mlango kuguswa, wiki moja tu baada ya mdogo mtu kubadilisha kitasa chake. Polisi hawakupata kitu, na mteja hakumtaja mtu. Lakini Bwana Hakikisha aliziangalia funguo ambazo hazijachongwa, zilizoning'inia ukutani, akaona moja haipo.

"Iko wapi?" alimuuliza mdogo wake.

"Labda iliharibika, nikaitupa."

"Labda?"

"Labda, kaka. Nitakumbukaje kila ufunguo?"

Ile "labda" ndiyo iliyomtia kaa la moto moyoni. Alimwambia akusanye tupa zake za kuchongea funguo aondoke. Tangu siku hiyo mdogo wake hakutajwa ndani ya nyumba ile. Mkewe alijaribu mara mbili kulizungumza, akagonga ukuta, akanyamaza. Binti yao, wakati huo akiwa wa miaka minane, aliuliza mara moja tu baba mdogo yuko wapi. Akaambiwa ale.

Sasa binti alikuwa mkubwa na anakwenda kusomea ukunga mji mwingine. Asubuhi ya safari alimletea baba yake boksi la viatu. Ndani mlikuwa na paka wa kijivu, jike, wa miezi kama minane, mwenye mkia uliokunjika karibu na ncha.

"Huyu anaitwa Bawaba," binti alisema. "Kwa sababu ya mkia."

"Alibanwa na mlango?"

"Amezaliwa hivyo, baba."

"Umempata wapi?"

"Kwa watu tu."

Watu tu. Bwana Hakikisha alimtazama binti, akamtazama mama yake aliyekuwa anafunga begi kwa haraka isiyo na sababu, akamtazama na paka. Paka alimkodolea macho bila kupepesa. Kati ya wote wanne, yeye ndiye aliyeonekana hana cha kuficha, na hilo nalo halikumpendeza mzee.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mtu aliyezoea kuwachunguza watu alikuwa amepewa kiumbe ambacho hakuna linaloeleweka katika matendo yake. Siku ya kwanza Bawaba alijichimbia nyuma ya kabati. Bwana Hakikisha akaingiza mkono, akamkamata ukosi kumvuta nje. Mara paka akalegea mwili mzima, miguu akaikunja tumboni, mkia ukaning'inia kama kamba.

"Mama watoto, nimemuua!" alipiga kelele.

Mkewe akaja mbio. Bwana Hakikisha alipomweka chini, marehemu alijitikisa, akaenda zake jikoni.

"Anajifanya amekufa," alisema mzee, jasho likimtoka. "Nyumba yangu imeingiwa na mnafiki."

"Hivyo ndivyo mama zao wanavyowabeba wakiwa wadogo," mkewe alisema. "Wakishikwa hapo wanatulia wenyewe."

"Wewe umeyajulia wapi mambo ya paka?"

Mkewe akarudi jikoni. Alikuwa na sufuria mekoni.

Baada ya hapo Bwana Hakikisha akawa haishi kumchunguza. Paka alikaa dirishani, akiona ndege nje anatetemesha taya, meno yanagongana kwa sauti ndogo kama mtu anayenong'ona na mwenzake wa nje. Akimaliza haja yake kwenye sanduku la mchanga, anatimka chumba hadi chumba kana kwamba kuna anayemfukuza. Anapanda mezani, anakisukuma kikombe kwa mkono mmoja, taratibu, huku anamtazama mwenye nyumba usoni, mpaka kianguke. Kila alasiri anakaa mbele ya ukuta wa sebuleni, ukuta mtupu hauna hata picha, anautazama robo saa nzima, masikio yamesimama.

"Anaona nini pale?" mzee aliuliza.

"Labda mjusi."

Hakuipenda ile "labda". Alikwenda akaubisha ukuta kwa kifundo cha kidole, inchi kwa inchi, kama anavyobisha milango ya chuma. Alitega sikio. Akavuta kabati, akamulika kwa tochi. Hakukuta kitu ila maji yaliyokuwa yakipita ndani ya bomba jirani akifungua mfereji. Jambo lilikuwa jepesi hivyo, lakini hakuridhika. Ikiwa jirani anasikika kwetu, alijiambia, basi na sisi tunasikika kwa jirani. Tangu siku hiyo alianza kuzungumza kwa sauti ya chini nyumbani kwake mwenyewe.

Kisha likaja jambo la sketi.

Ilikuwa Jumatano. Mkewe alifanya kazi kwenye chumba cha washonaji sare za shule, akirudi saa kumi na moja. Siku hiyo aliingia, akavua viatu, akakaa. Bawaba akamwendea, akanusa pindo la sketi. Akanusa tena. Halafu akaganda, mdomo nusu wazi, mdomo wa juu umepanda, meno nje, macho yamemtoka kama mtu aliyesikia habari ya aibu. Alikaa hivyo sekunde nyingi. Kisha akajilamba pua, akanusa tena, akaganda tena.

"Kwa nini anakukunjia uso?" Bwana Hakikisha aliuliza.

"Nitajua mimi? Labda nanuka mafuta ya cherehani."

Lakini mafuta ya cherehani alinuka kila siku. Alhamisi paka hakuganda. Ijumaa hakuganda. Jumatatu alipita mbele ya sketi kama hajaiona. Jumatano iliyofuata mkewe aliingia, paka akanusa, mdomo ukafunguka. Bwana Hakikisha akatazama kalenda. Jumatano ya tatu, ile ile. Machale yakamcheza kweli kweli.

Mkewe alipoingia kuoga, aliichukua ile sketi kitini akaileta puani. Alinusa pindo, akanusa kiuno. Akafungua mdomo kama alivyoona paka akifanya, akavuta hewa.

"Baba watoto," sauti ilisema mlangoni, "unaifanya nini sketi yangu?"

"Naangalia kama imekauka."

"Haijafuliwa."

Alikaa hapo na sketi mkononi, mtu mzima wa miaka hamsini na sita. Mkewe alimtazama muda mrefu, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho si hasira. Hilo lilimsumbua kuliko hasira yenyewe.

Mungu si Athumani. Wiki hiyo hiyo aliitwa kubadilisha kitasa cha kabati la dawa kwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyojaa mikwaruzo. Bwana Hakikisha alifungua parafujo mbili za kwanza bila kusema neno. Ya tatu ikamshinda, si mkono bali moyo.

"Daktari, paka akimnusa mtu halafu akafungua mdomo hivi," akamwonyesha, meno nje, "ndiyo kusema anamchukia?"

Daktari alicheka mpaka akashika meza. "Samahani, mzee. Umeigiza vizuri sana. Hapana, hamchukii. Paka ana vijitundu viwili kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele. Akikutana na harufu yenye habari, anafungua mdomo aivute ipite pale. Anaisoma."

"Habari gani?"

"Mara nyingi ya paka mwenzake. Ni dume au jike, mgeni au mwenyeji, mambo yao hayo. Huyo mtu huenda alikaa mahali penye paka mwingine, akajisugua miguuni pake."

Bisibisi ilisimama hewani.

"Na wako anakukodolea macho?" daktari aliendelea, akidhani mazungumzo ni ya paka. "Usimkodolee na wewe. Kwao kukodoleana ni ugomvi. Fumba macho taratibu, fumbua taratibu. Anaelewa huna nia mbaya naye."

Hilo la mwisho hakulisikia. Kichwani mwake kulikuwa na neno moja: nyumba. Kuna nyumba yenye paka, na mke wake hukaa humo kila Jumatano, akatulia muda wa kutosha paka kujisugua miguuni pake. Mtu hakai hivyo mahali anapopita tu.

Jumatano iliyofuata alimwambia kinyozi amwangalilie kibanda, akaenda hadi kwenye chumba cha washonaji, saa saba na nusu mchana. Mlango ulikuwa umefungwa. Mfagiaji aliyekaa kizingitini alimwambia, "Jumatano wanatoka saa sita, mzee. Mwaka wa pili sasa." Mwaka wa pili! Alirudi kibandani. Mteja alimletea ufunguo wa kunakili, akauharibu. Akachonga mwingine, nao akauharibu. Jioni mkewe alipoingia alimuuliza, "Kazi ilikuwaje leo?" Mkewe akasema, "Nyingi, baba watoto." Bawaba akanusa, akafungua mdomo. Mzee akaitazama chai yake mpaka ikapoa.

Wiki ile aliishi kama mtu aliyemeza mfupa. Aliwapanga kichwani mwake wanaume wote wa mitaa mitatu, akamtafutia kila mmoja paka. Muuza vitambaa ana mbwa. Kinyozi ana mzio wa manyoya, jambo ambalo kwa kinyozi ni mkosi. Mwenye duka la dawa aliwahi kumpunguzia mkewe bei; huyo alimwekea alama. Alijaribu kumpigia binti simu amchunguze kwa mbali.

"Mama yako ana rafiki mwenye paka?"

"Kwa nini, baba?"

"Nauliza tu."

"Mwulize mama," binti alisema, akakata simu kwa kisingizio cha darasa. Basi na binti anajua.

Jumatano ikafika. Saa sita alikuwa amejibanza kwenye kona ya duka la rangi, kofia imeshuka hadi nyusi. Mkewe alitoka na mfuko wa mikate na kifurushi kidogo cha duka la dawa. Hakutazama nyuma hata mara moja, na Bwana Hakikisha, ambaye angemtambua mtu mwenye wasiwasi wa kufuatwa hata akiwa hatua mia mbili mbele, aliona uchungu kwamba mkewe hakudhani anaweza kufuatwa. Walivuka barabara kubwa, wakapita kiwanda cha matofali, wakaingia kwenye mstari wa nyumba za vyumba viwili viwili. Mkewe alisukuma mlango wa tatu akaingia bila kubisha.

Bwana Hakikisha akausogelea mlango. Na kwa kuwa mazoea ni mazoea, kabla ya kufanya lolote alikitazama kitasa.

Kilikuwa cha zamani, kimesafishwa vizuri. Parafujo zake zote zilikuwa zimekazwa mpaka mikato ya vichwa ikalala upande mmoja, sawasawa, kama mashati yaliyopangwa. Na kilikuwa kimepachikwa kinyume, ufunguo unazungukia kushoto. Katika maisha yake yote alimjua fundi mmoja tu apachikaye kitasa hivyo. Alikuwa amemgombeza kwa hilo mara mia. "Wateja si wa kushoto kama wewe!" Na yule akawa anacheka.

Bwana Hakikisha alikigusa kitasa kwa kidole.

Paka mkubwa wa kijivu akatoka mlangoni, akamzunguka miguuni, mkia juu. Mkia ulikuwa umekunjika karibu na ncha.

Ndani, mdogo wake alikuwa ameketi kitini, kichwa amekilaza nyuma, na mkewe amesimama juu yake na chupa ndogo ya dawa ya macho. "Usifumbe, shemeji. Moja tu imebaki. Usifumbe, nimesema." Mdogo wake alikuwa amezeeka. Macho yake yalikuwa na ukungu, na yalipogeukia mlangoni yalitafuta bila kupata.

"Ni nani?" aliuliza.

Mkewe aligeuka. Hakushtuka kama mwizi. Alishtuka kama mtu aliyechoka kubeba mzigo, akaona mahali pa kuutua.

"Ni kaka yako," alisema.

Paka alipiga miayo.

"Tangu lini?" Bwana Hakikisha aliuliza hatimaye.

"Tangu mke wake alipofariki," mkewe alisema. "Presha ya macho ilikuwa imeshamshika, siku nyingine hujitia dawa mwenyewe, ila akitoka kliniki haoni hata chupa. Kliniki ni Jumatano."

"Na binti?"

"Amekuwa akija toka akiwa kidato cha pili. Baba mdogo wake, huyu. Paka alimpata hapa."

"Kwa hiyo nyumba yangu yote inajua ila mimi."

"Tungekwambia, ungefanya nini?"

Alilijua jibu, na hakupenda kulisikia mwenyewe. Akatoka. Nyuma yake alimsikia mdogo wake akisema, bila hasira, "Mwache, shemeji. Hata kukaa hajakaa."

Siku tano hakuzungumza nyumbani zaidi ya chumvi na maji. Aliwakasirikia wote watatu, na kwa muda mrefu hasira ilikuwa nzuri, ilimpa mahali pa kusimama. Kila akijaribu kuikamilisha ilimponyoka. Mke amemdanganya, ndiyo. Kwa mikate na dawa ya macho. Alikuwa amejiandaa kukuta mwanamume wa kupigana naye, akakuta mgonjwa.

Jumatano alifunga kibanda saa tano na nusu. Alilivuta kufuli mara moja, akaondoka, na kinyozi akabaki na wembe hewani.

Alimkuta mdogo wake peke yake. Akavuta kiti. Akakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Nataka kukuuliza jambo," Bwana Hakikisha alisema.

"Najua jambo lenyewe."

"Uliuchonga ule ufunguo?"

Mdogo wake alipapasa paja lake mpaka akampata paka, akamkuna shingoni. "Kaka, nikisema sikuuchonga, utaniamini?"

Angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, na ingewaponya wote wawili kwa alasiri ile. Lakini hakuwa mtu wa kusema asilolihakiki.

"Sijui," alisema. "Nataka kukuamini. Sijui kama naweza."

"Mh." Mdogo wake alitikisa kichwa polepole. "Miaka yote hii nilidhani ukija utakuja na uhakika wako, wa huku au wa kule. Sikuuchonga. Sasa fanya unavyojua. Birika lile pale, mimi nikimimina najiunguza."

Bwana Hakikisha akainuka, akamimina chai.

Miezi minne baadaye, macho yalipokuwa yamebakisha mwanga na kivuli tu, mdogo wake alihamia chumba cha binti. Alikuja na tupa zake na paka wake. Wote walidhani paka mama na mwanawe watakumbatiana. Wapi! Bawaba alipomwona mama yake alitunisha mkia, akakunja mgongo, akamfokea. Mama naye akamrushia kofi. Nyumba ikawa vita, mmoja chini ya kabati, mwingine juu yake.

"Hata mama yake hamjui?" Bwana Hakikisha alimwuliza daktari kwa simu, akiwa amekasirika kwa niaba ya mama paka.

"Kwao ndugu ni harufu, mzee, na harufu imebadilika. Chukua kitambaa kimoja, msugue huyu, kisha msugue yule, kila siku. Usiwalazimishe. Inachukua wiki, pengine zaidi."

Kazi hiyo alipewa mdogo mtu, aliyekuwa na mikono yenye subira. Asubuhi alikaa sakafuni na taulo kuukuu, akimsugua mmoja, akisubiri, akamsugua mwingine, huku anawaimbia ujinga wake. Bwana Hakikisha alimtazama kutoka mezani. Kuna siku bado aliitazama mikono ile akajiuliza. Swali halikumtoka kabisa; lilikuwa kama uzi wa embe uliokwama katikati ya meno, huwezi kuusahau, ila unauzoea.

"Unanitazama," mdogo wake alisema asubuhi moja bila kuinua kichwa.

"Umejuaje? Wewe si huoni?"

"Umeacha kutafuna."

Bwana Hakikisha akachukua kipande kingine cha mkate, akatafuna kwa makusudi, kwa kelele, mpaka mkewe akapiga ukelele kutoka jikoni kwamba ndani ya nyumba hii ameolewa na ng'ombe. Mdogo wake alicheka, kicheko kile kile kilichokuwa kikiwapendeza wateja, na paka wote wawili, kila mmoja kwenye kona yake, waligeuza masikio kukisikiliza.